Mahari Iliyokwama Karantini

Kwanza tulielewe geti lenyewe, maana asiyelielewa atadhani Shigela, mlinzi wake, alikuwa na wazimu, na wazimu hakuwa nao. Lilikuwa mti mmoja wa mkaratusi, mnyoofu, uliolazwa juu ya panda mbili kukatiza barabara ya vumbi katika uwanda wa Usangu. Kwenye kitako chake lilining'inia jiwe, ili kuuinua kuwe kazi ya mkono mmoja. Chini yake palitandikwa gunia lililoloweshwa dawa, kila apitaye alikanyage. Basi, hilo ndilo geti, na hapo ndipo lilipoishia. Kulia hapakuwa na uzio, kushoto hapakuwa na uzio. Ng'ombe mwenye akili za kawaida angeweza kuacha barabara, akapita majanini, akarudi barabarani upande wa pili kabla Shigela hajamaliza kupiga chafya.

Mwaka huo, 1975, ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwenye mifugo ya ng'ambo ya geti. Bwana mifugo alikuja na pikipiki kutoka mjini Mbeya, akasoma amri kwamba hakuna ng'ombe kuvuka mpaka serikali itamke vingine, kisha akamwuliza Shigela kama ameelewa. Shigela akasema ameelewa. Akamwuliza kama anaahidi kulilinda geti, naye akaahidi. Bwana mifugo aliuliza hivyo kila mahali, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, na hakujua kwamba safari hii amemwuliza mtu aliyekwisha kufundishwa ahadi ni nini.

Maana Shigela alikuwa mwanafunzi. Wasukuma walioshuka Usangu na ng'ombe wao walikuta kampeni ya elimu ya watu wazima imepamba moto, na kila alasiri watu wazima wa kijiji walikaa kwenye ghala la mpunga kusoma. Mwalimu wao alikuwa Philbert, Mhehe kutoka milima ya Iringa, kijana aliyeacha seminari akiwa amebakiza kidogo tu apewe upadri. Wengine walisema sababu ilikuwa msichana. Yeye mwenyewe alisema sababu ilikuwa falsafa. Vitabu vya kujifunzia kusoma viliisha, vipya vikawa havifiki, na mwalimu Philbert, kwa kuwa hakupenda kulipwa mshahara wa bure, akaanza kufundisha kile kilichobaki kichwani mwake.

"Kuna Mjerumani mmoja wa zamani," alisema siku moja, "aliyekaa katika mji mmoja maisha yake yote."

"Alikuwa na ng'ombe?" akauliza mtu.

"Hakuwa nao."

"Mke?"

"Hakuwa naye."

"Sasa angetoka aende kwa nani."

Mzee mmoja wa Kisangu alisema Wajerumani anawajua toka utoto wake, na hakumbuki hata mmoja aliyekuja kuuliza jambo la haki. Mwalimu Philbert akamwomba radhi kwa niaba ya Ujerumani nzima, akaendelea. Mjerumani huyu, alisema, alifundisha kuwa wema wa tendo haumo katika faida yake. Umo katika wajibu. Kabla hujatenda, jiulize: ningependa kila mtu duniani afanye hivi hivi, iwe ndiyo sheria ya wote? Ukiona haiwezekani, acha, hata kama ungefaidika. Akatoa mfano wa muuza maziwa asiyetia maji kwenye maziwa kwa sababu anaogopa wateja watamkimbia. Huyo, alisema, bado hajafanya wema wowote, amefanya biashara tu. Mwema ni yule asiyetia maji kwa sababu kudanganya watu si haki, basi.

Evarista, mjane aliyekaa mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo maziwa yenyewe yana maji au hayana?"

"Hayana, kwa wote wawili."

"Basi mimi nanunua kwa yeyote. Nanunua maziwa, sinunui moyo yake."

Ghala zima likacheka, na kwa haki. Aliyekuwa hacheki ni Shigela peke yake. Alikuwa ameinama anatazama vidole vya miguu yake, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akihisi jambo hilo bila kupata wa kumwambia.

Tangu siku hiyo ikawa taabu. Ukimwamkia Shigela "Habari za asubuhi," hakukujibu kwamba ni nzuri mpaka achunguze. "Mbaya," alisema. "Jino linaniuma, na jana nimegombana na mke wangu Roza." Watu wenye haraka wakaanza kupita bila kumwamkia. Aliacha kulala mchana, maana kila mtu akilala mchana nani ataangalia dunia? Kisha akajiuliza itakuwaje kila mtu akikaa getini, nani atalima, nani atachunga, na alipoona kwamba dunia yote ingekufa njaa imekaa getini, akataka kuacha kazi. Ilibidi mwalimu Philbert aitwe akiwa na sabuni usoni, aje amweleze kwamba swali haliulizwi namna hiyo.

Katikati ya hayo ndipo ng'ombe wa Evarista alipotaka dume. Mjane huyo alikaa ng'ambo, upande wa karantini, na dume alilolitaka lilikuwa upande huu. Alimleta ng'ombe wake analia kwa hamu, akamwomba Shigela dakika chache tu. Shigela akakataa. Ng'ombe akapitwa na wakati wake, na Evarista akaacha kumsalimia kabisa, hata kwa kichwa.

Sasa tufike kwenye lililotuleta. Shigela alikuwa na binti mmoja, Kashindye, na Kashindye alikuwa amependana na Shija, mtoto wa Bujiku. Wazee walikwisha kukubaliana mahari kabla ya ugonjwa kuingia. Tatizo ni moja: Bujiku na ng'ombe wake wote walikuwa ng'ambo ya geti, na Shigela na zizi lake alikuwa upande huu. Na kwa Wasukuma hawa, ng'ombe wa mahari hawahesabiwi kuwa wametolewa mpaka waingie zizi la baba wa binti na kukaguliwa na ndugu zake. Kabla ya hapo ni ng'ombe tu wa mtu, na binti ni binti tu wa mtu.

Bujiku alisubiri karantini iishe, haikuisha. Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya juu ya safu za milima, akaona hawezi tena kusubiri. Masika yakishuka, Usangu hugeuka maji, na mtu hafiki kwa jirani yake seuze kwa mkwe. Siku moja asubuhi akaswaga ng'ombe wa mahari, wameoshwa, wenye kengele, na ndugu zake nyuma, mpaka kwenye mti wa mkaratusi. Upande wa pili alisimama mkwe wake mtarajiwa, amevaa kofia ya kazi.

"Mwangaluka, mkwe," Bujiku alisema kwa adabu zote.

"Mwangaluka, mkwe."

"Ng'ombe yako hao tumeleta."

"Nawaona, mkwe. Wazuri sana, nimefurahi. Warudisheni."

Bujiku alidhani ni utani, lakini wakwe hawataniani. Akamtazama vizuri, akaona kwamba mtu amemaanisha.

"Mkwe, hawa si ng'ombe yangu tena, ni yako. Unajizuia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliahidi. Na nilimzuia yule mama pale." Evarista alikuwa amekwisha kufika na kigoda chake, amekaa kivulini mwa mgunga, anatazama.

Hapo ulianza mjadala ambao Usangu haijausahau. Ndugu wa Bujiku walisema ng'ombe wazunguke majanini, maana sheria iko kwenye mti na majani hayana sheria. Shigela akajibu kwamba kila mtu akizunguka, mti huu ni kuni. Wakamwonyesha nyayo za nyati zilizokatiza barabara hatua chache kutoka getini, wamevuka alfajiri na midomo yao na kwato zao, na hakuna aliyewauliza. "Nyati hakuahidi," Shigela alisema. Wakamshauri augue kidogo, tumbo tu, asubuhi moja, mtu mwingine ashike zamu. Akasema tumbo lake ni zima. Mwisho Bujiku, mtu mzima na heshima zake, akasogea karibu, akanong'ona kama anayeomba ugoro.

"Mkwe, basi wewe tazama milimani. Uangalie tu vile mawingu inakuja. Sisi hatutakuchelewesha."

Shigela aliutazama mlima mara moja, kwa bahati mbaya, akageuza uso haraka kama aliyeungua.

"Siwezi, mkwe. Ningejua."

Bujiku akavaa kofia yake. Alisema hana ugomvi na mtu, lakini Shija hawezi kukaa masika nzima anajipikia, na huko kwao kuna mzee mwingine mwenye binti, na kati ya zizi lake na la mzee huyo hakuna geti. Alisema atasubiri mpaka mvua ya kwanza. Ng'ombe wa mahari wakageuzwa, kengele zikalia mpaka zikapotea, na Evarista akabeba kigoda chake akaenda zake. Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu kisa cha dume, alimsalimia Shigela.

Nyumbani hakupokelewa hivyo. Roza, mkewe, hakumgombeza. Alimpikia kama siku zote, ila bila chumvi. Shigela alipouliza, akajibiwa kwamba kila mtu akitaka chumvi itakwisha dukani. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, na mume huyu mwema akala ugali na mlenda usio na chumvi kwa sababu hakuona kosa katika hoja ya mkewe.

Kashindye yeye alinyamaza. Alichota maji, alitwanga, alifagia uwanja. Shigela alijiambia kwamba mtoto ameelewa, na moyoni alijivuna kidogo kwa kuwa na binti wa namna hiyo. Watu walikuwa wameanza kuja kutoka mbali kumwona mtu aliyezuia mahari ya binti yake mwenyewe. Dereva mmoja wa lori la mpunga alisimama akateremka amshike mkono, akasema habari zake zimefika mpaka soko la Uyole. Shigela aliushika mkono ule kwa unyenyekevu mkubwa, na unyenyekevu ule ulimkaa vizuri.

Mchana mmoja wa joto Kashindye alikuja getini. Hakuwa na ndoo wala kapu. Alisimama upande wa pili wa mti, baba huku, yeye kule.

"Baba, kuna siku hukuja darasani," alisema. "Ulikuwa zamu."

"Ilikuwa siku gani?"

"Siku mwalimu alimalizia habari ya yule Mjerumani. Ile nusu yake ingine."

Shigela akashtuka kweli. Hakujua kwamba kulikuwa na nusu nyingine. "Alisema nini?"

"Alisema mtu si jembe. Jembe unalimia, ukimaliza unaliweka pembeni. Mtu usimtumie hivyo, hata kama unafanyia kitu kizuri. Alisema hiyo pia ni wajibu, na ni ile ile moja."

"Ni kweli tupu," Shigela alisema. "Sasa mimi nimemtumia nani?"

"Mimi."

Kashindye hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Watu wanakuja kuangalia vile wewe mnyoofu, baba. Wanaupimia kwangu huo unyoofu wako. Kama mimi nisingeumia, nani angekuja? Nimekuwa mti wa geti yako. Mimi sikuambii ufungue. Ungefungua, ningekuonea aibu. Lakini hukuniuliza. Uliuliza watu wote wa dunia kichwani mwako, ukanisahau mimi nimekaa jikoni."

Akageuka akaenda zake. Shigela alibaki ameshika mti wa mkaratusi kwa mikono miwili. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote chenye pumzi, na alikuwa hajamuuliza. Alitafuta siku aliyomuuliza, akarudi nyuma mpaka alipochoka, hakuiona. Wale watu wa dunia nzima alioshauriana nao kila asubuhi walikuwa wamekaa kichwani mwake kama mkutano wa hadhara, wanaume kwa wanawake, na hata mmoja wao hakuwa na sura ya Kashindye.

Alimwendea mwalimu Philbert. Mwalimu, alipomwona anakuja, alitaka kutokea mlango wa nyuma, ila nyumba yake haikuwa nao.

"Kamwene, Shigela. Fungua lile geti, nakuomba, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nasubiri vitabu tu."

"Yale ulifundisha ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli." Philbert akajifuta jasho. "Lakini si kweli namna hiyo."

"Mwalimu, nina wajibu mbili. Moja imeshika mkono huu, ingine huu. Zote kweli. Yule Mjerumani anasema nifanye nini?"

Mwalimu Philbert akautazama ukuta wa nyuma usio na mlango. "Hapo ndipo nilipoachia seminari," alisema.

Basi ilimbidi Shigela afikiri mwenyewe, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumlipa. Alianzia kwenye amri, akaitafuna neno kwa neno. Amri ilizuia ng'ombe. Haikuzuia baba. Ng'ombe wa mahari hawawezi kuja kwenye zizi. Je, kuna sheria inayozuia zizi kwenda kwa ng'ombe? Akaitia kwenye mizani yake ya siku zote: kila baba duniani mwenye ng'ombe waliokwama ahamishe zizi lake liwafuate, dunia itaharibika? Haitaharibika, itachoka tu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amezoea. Akaenda jikoni, akakaa chini kwenye majivu, akamuuliza Kashindye kama anataka.

Kashindye alimtazama kama anayemtazama mtu wa mbali aliyerudi. "Nataka," alisema. "Lakini zizi la baba ni pale baba analala. Na mimi nitoke mlango gani, huko hakuna nyumba?"

"Tutahamisha na mlango," alisema Shigela.

Mahali pengine watu wangecheka. Lakini hawa walikuwa wametoka kwenye Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijijini, mwaka uliotangulia tu, na kila mmoja wao aliwahi kutembea maili nyingi na mlango kichwani. Kuhamisha boma walikuwa wataalamu. Asubuhi yake darasa zima la elimu ya watu wazima lilifika, likang'oa zizi la Shigela mti kwa mti, miiba kwa miiba, na msafara ukaanza. Ng'ombe wa Shigela mwenyewe walibaki nyuma wamefungwa kambani, wakitazama zizi lao linaondoka bila wao. Roza alikaza kitenge kiunoni, akaung'oa mlango wa nyumba na fremu yake, na akakataa kusaidiwa kuubeba.

Getini Shigela aliinua mti, akamkanyagisha kila mtu gunia la dawa. Ilipofika zamu yake alijisimamisha, akajiamuru akanyage, akakanyaga, akajiruhusu kupita. Evarista aliwapokea upande wa pili amekunja uso.

"Na ng'ombe wangu je? Mbona mimi hukunitafutia njia kama hii?"

"Sikufikiri, mama. Wewe pia sikukuuliza. Nisamehe."

Evarista alisema hasamehi ovyo ovyo, atafikiri. Lakini huku akisema alikuwa amekwisha kuchukua fungu la miiba kutoka kwa mtu mwingine, akaliweka kichwani.

Walilijenga zizi pale pale uwandani, na mbele yake, mahali ambapo nyumba ingekuwa kama ingekuwepo, wakausimika mlango. Nyuma ya mlango Shigela akatandika ngozi, akalala hapo usiku mmoja, pawe pake. Bujiku akaleta ng'ombe. Ndugu wa Shigela wakawakagua kama kawaida, wakamkataa mmoja mwenye pembe mbovu, wakatukanana na ndugu wa Bujiku kwa heshima zote, mwingine akaletwa. Ng'ombe wakaingia zizi la baba. Watakaa huko huko mpaka serikali itamke, na Shigela atalala nao huko, akivuka kila alfajiri kwenda kushika zamu na kila jioni kurudi, na Roza atabaki na ng'ombe wa upande huu. Ndivyo ilivyoamuliwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka mpaka nusu ya milima na upepo ulinukia mvua. Wanawake walimzunguka Kashindye nyuma ya mlango, wamempaka mafuta, wamemvika shanga. Mbele ya mlango walikaa watu wa Shija, wamejipanga, wanasubiri bibi harusi atoke kwa baba yake. Nyumba haikuwepo. Wote walikuwa wanamwona bibi harusi vizuri kabisa, kulia na kushoto mwa fremu, na wote walijifanya hawamwoni.

Baba ndiye anayefungua. Shigela alishika komeo, kisha mkono ukakataa kwenda. Alisogeza mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Kashindye."

"Naam, baba."

"Nilikukosea?"

Alitegemea atasikia hapana. Mtoto yeyote angesema hapana siku hiyo, na baba yeyote angeridhika, na mvua ilikuwa inakuja.

"Ndiyo, baba," Kashindye alisema kutoka upande wa pili. "Ulinikosea. Sasa nifungulie."

Shigela akafungua. Akamwona binti yake mbele yake, mkubwa, mzuri, anaondoka, na akalia kwa sauti mbele ya wakwe zake wote, kofia ya kazi kichwani, bila kujiuliza hata kidogo kama angependa kila mtu duniani alie hivyo.